Kukata pateni mwenyewe: nilivyoanza, na gauni lililogoma kuwa gauni nililolipanga

Dada umeuliza mambo mawili kwa mpigo, unaanzia wapi kujifunza kuchora pateni zako mwenyewe (yale maumbo ya karatasi ya kukatia nguo), na unafanyaje ukiwa umeshakata kitambaa alafu mambo yakaenda tofauti na ulivyopanga. Mi naona ni swali moja hilo, ntakwambia kwanini huko mbele, ila vumilia maana ntaandika kwa urefu.

Mimi sikuanza kwa kupenda, nilianza kwa hasira. Nilikuwa natumia pateni za kununua, zile za saizi, na mwili wangu una kifua cha saizi moja na nyonga za saizi mbili mbele yake, kwahiyo kila nguo ikinikaa juu inanibana chini, nikiongeza chini kiuno kinapwaya kama gunia. Na sikuthubutu kugusa ule mstari uliochorwa. Nilikuwa nauona kama amri, sijui umewekwa pale kwa sababu gani, nikiusogeza labda nguo nzima inaharibika. Ndo ugonjwa wa pateni ya mtu mwingine huo, inakuonyesha mstari lakini haikwambii umetoka wapi.

Sasa anza na sketi. Usiniletee habari za koti wala suruali, sketi iliyonyooka inatosha mwezi wa kwanza. Unahitaji kiuno, nyonga, urefu, na umbali kutoka kiunoni mpaka pale nyonga zilipo pana kabisa, ambao kwa wengi unacheza kwenye sentimita 20 hivi ila jipime, usikariri. Mimi kiuno 74 nyonga 100. Unachora robo tu maana mwili unajirudia kushoto kulia, na kwa sketi hii ya kuanzia mbele na nyuma tunazichukulia sawa. Sketi yangu ya kwanza nilichukua 100 nikagawa kwa 4 nikapata 25, nikachora, nikaongeza sentimita 1.5 za kushonea, nikashona vizuri kabisa, nikavaa nikiwa nimesimama ikanikaa kama nimemwagiwa. Nikakaa kwenye kiti. Mshono wa nyuma ukasema kwaa.

Kosa lilikuwa sikuweka nafasi. Mwili ukikaa unatanuka, ukipumua unatanuka, kwahiyo kitambaa kisichovutika lazima kizidi kipimo cha mwili. Nyonga mi siku hizi naongeza sentimita 4, kifua 6, kiuno 2. Kwahiyo nyonga inakuwa 104, robo yake 26, kiuno 76, robo yake 19, na hapo katikati una sentimita 7 za kuondoa. Hizo 7 ndo somo lenyewe aisee. Siku naanza nilizikata zote pembeni nikapata mkunjo wa ajabu hapo ubavuni kama sikio la tembo, kumbe unatakiwa uzigawe, mimi napunguza 3 pembeni na 4 zinaingia kwenye dati mbili, ule mkunjo wa pembetatu unaoshonwa kwa ndani ukiishia kwa ncha. Ukishaelewa kuwa dati ni njia tu ya kumeza kitambaa kilichozidi ili kipite kwenye mlima wa mwili, umeshaelewa nusu ya kazi nzima.

Kiwiliwili, yaani sehemu ya juu ya nguo, ndo kinatoa jasho. Chora, kata kwenye shuka kuukuu, shona kwa mshono mrefu wa kufumulika, vaa, simama mbele ya kioo usijidanganye. Mikunjo inaongea. Mkunjo wa kulala kama mshazari kutoka kwenye mshono wa ubavu kwenda kwenye titi maana yake hapo panadai nafasi, dati ni ndogo. Mkunjo wa kulala mgongoni juu ya kiuno, urefu wa mgongo umezidi. Mi nilikuwa nachora na kalamu ya wino hapohapo juu ya shuka nikiwa nimeivaa, alafu naivua nahamishia kwenye karatasi. Hiyo karatasi ikishakaa sawa, bila kola, bila mkono, bila mbwembwe yoyote, ndo naiita pateni mama. Haitumiki kukatia nguo. Unaitolea nakala, nakala ndo unazichezea.

Na kuichezea sasa ndo utamu. Siku niliyochukua nakala, nikaikata kutoka begani mpaka kwenye ncha ya titi, nikafunga dati ya ubavuni, na ghafla begani pakafunguka dati mpya peke yake, nilicheka mwenyewe kama mwehu. Ile dati inahama, mradi inaelekea palepale kwenye ncha. Unaweza kuipeleka kiunoni, shingoni, kwapani, au ukaigeuza marinda. Ila ukishona iishie sentimita 2 au 3 kabla ya kufika ncha, ukiifikisha kabisa titi litachongoka kwa kutisha.

Kitu kilichonitesa kuliko vyote ni kwapa la nguo, ule uwazi unapoungwa mkono. Nilishona blauzi, nikinyanyua mkono nguo nzima inapanda juu kitovu kinaonekana. Akili ya kawaida ikaniambia kwapa linabana, lishushe. Nikashusha sentimita 2. Ikawa mbaya zaidi! Nikashusha tena, sasa hata kujikuna kichwa siwezi. Nilikaa na ile blauzi kama wiki hivi siielewi mpaka siku moja nikaivaa na pini mkononi nikaanza kubana kwapa kuelekea juu, na mkono ukaanza kupanda vizuri. Ukifikiria inakuja akilini: kwapa likiwa chini, mkono wa nguo umeungwa mbali chini ubavuni, kwahiyo ukinyanyua mkono wako unaburuta ubavu mzima wa nguo. Likiwa karibu na kwapa lako lenyewe, nguo inabaki chini mkono unaenda zake. Tangu siku hiyo mi sishushi kwapa ovyo, napandisha, alafu mkono napunguza kimo cha kichwa chake, ule upinde wa juu unaoungwa kwapani, na kuupanua kidogo kwenye msuli, yaani sehemu ya juu ya mkono. Na kichwa cha mkono kizidi duara la kwapa sentimita 2 mpaka 3, si zaidi kwa pamba ya kawaida, maana ukizidisha utapata mikunjo begani ambayo hukuiomba.

Haya tuje kwenye swali lako la pili. Nilikuwa nimepanga gauni, mikono mirefu, chini nusu duara. Mita 3 za pamba, upana sentimita 115. Nikakifua kitambaa kabla ya kukata (hii usiruke hata siku moja) kikarudi na mita 2 na sentimita 85, nikajisemea poa tu. Nusu duara unachukua kiuno unagawa kwa 3.14 unapata nusu kipenyo, 74 ikanipa kama 23.5, ongeza urefu wa sentimita 60, yaani chini peke yake ilimeza karibu mita 1 na sentimita 70. Imebaki mita moja na ushee kwa kiwiliwili na mikono mirefu, hesabu inakaza lakini inaenea. Nikakata mikono kwanza kwa sababu ndo mirefu, nikaweka pateni, nikakata mmoja, nikasogeza palepale nikakata wa pili.

Unajua nilichofanya. Sikuigeuza pateni. Kitambaa kina maua upande mmoja na upande wa pili umepauka, kwahiyo nilikuwa na mikono miwili ya kushoto.

Nilikaa sakafuni. Nikajaribu kuugeuza ule wa pili nikijidanganya kuwa upande uliopauka hauonekani sana, unaonekana. Nikapima vipande vilivyobaki, mkono mrefu mwingine hautoki hata kwa maombi. Zamani, enzi za pateni za kununua, hiyo nguo ingeingia kwenye mfuko wa nailoni chini ya kitanda ikalala na ndugu zake, nilikuwa nao watatu huko.

Lakini kiwiliwili kilikuwa bado hakijakatwa, na pateni ni yangu, kila mstari najua nimeuchora kwa nini, ndo maana nikakwambia maswali yako ni swali moja. Gauni lisilo na mkono kwapa lake linatakiwa lipande zaidi na ubavu ubane kidogo, vinginevyo sidiria inachungulia. Nikapandisha kwapa sentimita 1.5, nikapunguza ubavu sentimita 1 kila upande, dakika kumi tu na rula. Alafu nikaiangalia ile mikono miwili ya kushoto nikajiuliza ni kipande gani hakijali kushoto na kulia. Mkono wa kipepeo! Ule wa duara unaoanguka tu begani, ukiuchora mbele na nyuma sawasawa hauna kushoto wala kulia. Kila mkono mmoja mrefu ukatoa kipepeo kimoja, kutoka pale penye upana wa msuli, na masalia yakatoa mkanda wa mshazari wa kumalizia kwapa kwa ndani.

Sisemi nilifurahi papo hapo, nilishona nimenuna. Mikono mirefu niliitaka kweli na mpaka leo lile gauni kwenye baridi halifai. Ila ile pateni ya kipepeo niliyoichora kwa kulazimishwa ndo nimeinakili kuliko zote, karatasi imechakaa nimeibandika selotepu pembeni kote, na ile ya mkono mrefu bado mpya kabisa kwenye bahasha.

Kwahiyo ukibadilisha mpango jiulize kwanza nini hakijakatwa, hapo ndo penye uhuru wako. Mi siku hizi nakata vipande vikubwa na vya hatari, nasimama, nakunywa maji, narudi kuangalia kama mpango bado upo hai kabla sijagusa vilivyobaki. Na kila pateni naiandika juu yake tarehe, vipimo vya siku hiyo, nafasi niliyoongeza, na mshale wa mtande (unaoonyesha nyuzi za urefu wa kitambaa zinakoelekea), maana kuna sketi nilisahau mshale nikaiweka upande upande ili kubana kitambaa, mshono wa ubavuni ukawa unazunguka unakuja mbele kila nikitembea hatua kumi. Na mikono naandika kwa kalamu nyekundu kubwa GEUZA.

Suruali nayo iache kwanza, ule upinde wa katikati ya miguu una kesi yake ndefu. Tafuta shuka kuukuu, chora sketi, ishone, ivae, alafu ukae kwenye kiti. Ikisema kwaa niletee kiuno, nyonga na hiyo namba uliyogawa, tutajua imekosea wapi.