Kwa nini chipukizi la hamira halitokei popote tu?

Swali (mwalimu wa baiolojia, Mafinga): Wanafunzi wangu wa kidato cha sita walitazama hamira ya mkate kwa hadubini, wakaona seli nyingi zinachipua kwenye ncha na si ubavuni. Je, hilo linaamuliwa na jeni? Na tunaweza kutumia chachu ya ulanzi (pombe ya mianzi) badala ya hamira ya dukani?

Jibu: Mwalimu, ni jeni, na wanafunzi wako wametazama vizuri. Wasaidie tu kutenganisha mambo mawili: namna seli inavyochagua mahali pa kuchipua, na namna inavyoelekeza ukuaji wake wote mahali hapo bila kuvimba pande zote.

Kuhusu mahali, seli yenye seti moja ya kromosomu huchipua kando ya kovu lililoachwa na chipukizi lililotangulia, ikiongozwa na protini kama Bud3, Bud4, Axl1 na Axl2. Seli yenye seti mbili huzima jeni ya AXL1, kisha hufuata alama zilizoko kwenye ncha zake, zikiwamo Bud8 na Bud9. Hamira ya mkate kwa kawaida ina seti mbili au zaidi, na hicho ndicho mlichokiona. Alama hizi zote hupitisha habari kwenye protini iitwayo Rsr1. Jeni yake ikifutwa, seli huchipua popote, lakini huishi na kuongezeka kama kawaida.

Lakini protini za ukuaji wenyewe zikiharibika, seli haiendelei kama kawaida. Rsr1 huivuta protini Cdc24, nayo Cdc24 huiwasha protini nyingine, Cdc42, mahali palipochaguliwa. Kuanzia hapo nyuzi za protini ya aktini hujipanga kuelekea sehemu hiyo, na miozini (protini inayobeba mizigo ndani ya seli) iitwayo Myo2 husafirisha juu ya nyuzi hizo vifuko vyenye malighafi ya utando na ukuta wa seli. Protini Bem1 huleta Cdc24 zaidi pale ambapo Cdc42 imekwisha kuwashwa, hivyo doa dogo hujiimarisha lenyewe, na ndiyo maana hata seli isiyo na Rsr1 hupata upande mmoja wa kukulia. Zipo seli ambazo jeni yake ya CDC24 au CDC42 imebadilika ikawa haistahimili joto: kwenye nyuzijoto 23 huchipua vizuri, lakini zikipelekwa 36 haziwezi tena kuchipua. Hata hivyo hazikomi kukua. Huvimba zikawa duara kubwa, huku kiini kikiendelea kugawanyika hadi seli moja iwe na viini kadhaa. Nakuomba uwaeleze wanafunzi jambo hili kwa utulivu, kwa sababu linaonyesha wazi kwamba kukua, na kukua kuelekea upande mmoja, ni kazi mbili tofauti.

Ulanzi una mchanganyiko wa chachu za porini na bakteria, kwa hiyo hautafaa kwa somo hili. Tumia hamira ya dukani kwenye maji ya nyuzijoto 30 hivi yenye sukari kidogo, na kwa baridi ya Mafinga mwezi Juni, liweke bakuli ndani ya maji ya uvuguvugu kwa saa moja na nusu. Ukuzaji wa mara 400 unatosha kuona machipukizi. Makovu yanahitaji rangi ya Calcofluor na hadubini ya urujuanimno.