Umetoka kwenye taroti, ramli inakugomea?

Umesema umezoea karata 78 za kubashiria za taroti, ukaamua kujaribu ramli ya nukta, na sasa hakimu, yaani umbo la mwisho lenye jibu, anatoka na nukta saba. Hapo kuna kosa la hesabu. Hakimu hubeba nukta 4, 6 au 8 tu, witiri haiwezekani.

Rudia hivi. Tumia sinia ya mchanga mkavu, ingawa karatasi inatosha kabisa. Piga mistari 16 ya nukta haraka, bila kuhesabu. Ukihesabu huku unapiga, umeshajichagulia jibu. Kwenye kila mstari futa nukta mbilimbili mpaka ibaki moja au mbili. Kila mistari minne ni umbo moja: hao ndio mama wanne, wapange kutoka kulia kwenda kushoto.

Wengi huharibu kwenye mabinti, maumbo manne yanayofuata. Binti wa kwanza hujengwa kwa vichwa (safu za juu) vya mama wote wanne, wa pili kwa safu zao za pili, hadi miguu. Ukiruka safu moja tu, ubao wote umepinda.

Kisha jumlisha majirani wawiliwawili, safu kwa safu: witiri andika nukta moja, shufwa mbili. Hao nane, mama na mabinti, huzaa wanne, wanne huzaa mashahidi wawili, nao humzaa hakimu.

Maumbo ya ramli ni 16 tu, nafuu kuliko karata zako. Ila hakimu asipokupendeza, usikimbilie kuvuta karata umsahihishe.