Umeshukuru jua, umeshukuru mvua, mchota maji je?

Dada mmoja wa Busia, pale mpakani mwa Uganda na Kenya, kaniandikia. Ameolewa miaka sita, mume ni mtu wa boda. Miezi mitatu nyuma aliona kwenye simu kwamba ukitaka amani ya moyo andika kila asubuhi vitu vitano vya kushukuru, akanunua daftari, na juzi orodha yake ilikuwa hivi: jua, mvua, chai, afya, ndege wanaoimba. "Lakini Shangazi hiyo amani siioni. Mume wangu hana shukrani kabisa, anarudi, anakula, analala. Saa kumi na moja alfajiri nimetulia naandika, yeye yuko nje anagonganisha majerikeni mpaka nasahau nilichotaka kuandika. Na hela haionekani, nyingi inaishia kwa ada ya mdogo wangu. Nimfanyeje huyu mtu?"

Pole mwanangu. Kuchokana na mtu mnayelala kitanda kimoja si mchezo. Haya, pole imeisha, sasa tuongee.

Hayo majerikeni yanagongana yenyewe? Nimesoma barua yako mara mbili natafuta nani anachota maji hapo kwenu, hujasema, ila kelele umesema! Mtu anaamka na giza, anapanga foleni bombani, anabeba lita 20 mkono huu na lita 20 mkono ule, halafu ndio anawasha pikipiki aende steji kuhangaika na abiria wa mpakani mpaka usiku, na wewe umekaa na kalamu unashukuru chai. Hiyo chai imepikwa na maji gani? Na hiyo ada, kumbe ni ya mdogo wako wewe, wala si wa kwake, umeipitisha mbio mbio kama mtu anayevuka na magendo, nikaiona. Shukrani ya punda ni mateke, na hapa mimi simuoni punda ni yule wa boda.

Daftari silikatai bana. Mwaka 2003 watafiti wawili wa Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, walitoa habari za watu waliopewa kazi kama yako, kundi moja linaandika kila wiki mpaka vitu vitano vya kushukuru, lingine linaandika kero zake, na baada ya wiki kumi wale wa shukrani walikuwa wanayaona maisha yao afadhali kuliko wale wa kero. Sasa sikia hili, kuna wengine walioandika kila siku, hao walisema pia wamewasaidia zaidi wenzao wenye shida kuliko wale wa kero. Hilo daftari lako la miezi mitatu limemsaidia nani hapo nyumbani?

Na cha ajabu sisi huku Uganda shukrani ndio salamu yenyewe. Ukimpita mtu analima unamwambia gyebale ko, unamshukuru kwa kazi hata kama shamba si lako na hutaonja hata muhogo wake mmoja. Ukimaliza kula unamwambia mpishi webale kufumba, asante kwa kupika. Tumelelewa hivo. Lakini ndoa za siku hizi, mtu anamshukuru mume kwenye status siku ya nguo mpya, picha na mioyo kumi, huko ndani asante imekuwa adimu kuliko petroli wakati wa mgomo. Na nyie wanaume msicheke, mnakula mnafuta mdomo mnatoka kwenda kuangalia mpira, kauli hamna. Huyu wa Busia naye ana kosa hapo, lake nitampa siku akiniandikia mwenyewe, leo nina wewe.

Kwahiyo kesho hiyo saa kumi na moja acha daftari kitandani. Toka nje, pokea jerikeni moja mkononi mwake, mwambie webale, halafu mshukuru na kwa ile ada ya mdogo wako kwa mdomo wako, asikie. Usimsemeshe mambo ya hela hapo hapo, utaharibu. Na akikuangalia muda mrefu akakuuliza kama unaumwa usikasirike, miaka sita hajazoea.