Kabla ya mashine ya kufulia, kapime maji yako

Juzi msomaji mmoja ameniandikia: "Dada, zamu yangu ya upatu imefika, nataka mashine ya kufulia. Ninunue ipi?" Nilivyousoma ule ujumbe nikajiona mimi wa mwaka juzi.

Mimi nilitaka ya mlango wa mbele, na sioni aibu kusema. Nimefua kwa mikono tangu darasa la tatu. Vidole vyangu viliijua sabuni ya mche kabla ya kuizoea kalamu. Muuzaji wa Kariakoo akanisifia kilo 8 na mlango wa kioo. Kuhusu maji ya kwangu hakuuliza hata neno moja. Nikahesabu milioni moja na ushee.

Kwangu Kimara maji yanatoka kwenye simtanki lililo juu ya mnara wa mita 3. Jumapili jioni nikapakia sare za watoto. Mashine ikavuta maji, ikasita, ikavuta tena, ikasita. Mwisho ikapiga kelele na kuandika herufi nisizozielewa, mlango umejifunga. Sare nilikuwa naziona nyuma ya kioo, zimelowa nusu, na siwezi kuzishika. Saa nne usiku ndipo fundi wa mtaani alipofungua kifuniko kidogo cha chini, maji yakatapakaa sakafuni, mlango ukaachia. Asubuhi wanangu walikwenda shule na sare mbichi.

Kumbe kitabu chake kilisema: presha ya maji isipungue baa 0.5 (baa ni kipimo cha presha). Kwa maji ya tenki, kila mita 10 za kimo ni kama baa 1. Mita zangu 3 ni baa 0.3 tu! Nilirudi dukani, nikajibiwa kwamba mashine haina kasoro. Jibu lile linaniuma hadi leo. Nikamuuzia jirani mwenye pampu ya kuongeza presha, kwa hasara.

Sasa ninayo ya matanki mawili, moja la kufulia, jingine la kukamulia. Maji yakikatika namimina kwa ndoo. Haichemshi maji, kwa hiyo hata LUKU inapumua. Maji yale yale ya sabuni yanafua mashati meupe, kisha kanga, mwisho nguo za kazi za mume wangu. Ni kweli nguo unazihamisha mwenyewe kutoka tanki hadi tanki, lakini tangu niinunue haijaniangusha, na jirani zangu wawili wamenifuata.

Akina mama wenzangu, tuache kununua kwa macho. Anza na bomba. Muulize muuzaji presha ya chini kabisa inayotakiwa, akikwepa, ondoka. Kama mnatumia kisima cha maji ya chumvi, hita ya ndani ya mashine inayochemsha maji itashika magamba. Mwenye pampu anunue ya mlango wa mbele kwa raha zake, ila fundi atoe kwanza zile boliti za nyuma zinazoshikilia pipa la ndani wakati wa kusafirishwa, la sivyo itatikisika mpaka itembee.

Na wewe uliyeniandikia: kinga ndoo ya lita 20 pale utakapoweka mashine, hesabu dakika, pima na kimo cha tenki. Nitumie namba hizo, nitakujibu usiku huo huo.