Moja, Nne, Saba

Mwanangu,

Umeniuliza kama rumba ni yetu au ya Wakuba. Nitakujibu, ila kwanza chukua vijiti, maana muziki huhesabiwa kabla ya kubishaniwa.

Hesabu 1 hadi 16 kwa mwendo mmoja, ugonge kwenye 1, 4, 7, 11 na 13. Mapigo matatu upande mmoja, mawili upande wa pili. Hiyo ndiyo klave, yaani mdundo wa vijiti unaoushika wimbo mzima, ya son, muziki wa mashariki ya Kuba ulioingia Havana mwanzoni mwa karne ya 20. Ukisogeza lile la 7 hadi 8, umeingia klave ya rumba yao ya ngoma. Kijiti cha chini usikikamate kwa nguvu. Kilaze juu ya ncha za vidole na kiganja ukikunje kama kibakuli, la sivyo sauti inakufa.

Kwenye harusi ya dada yako pigo la 4 ulilipeleka 5, mdundo ukawa kama gwaride, wachezaji wakarudi vitini. Bado inaniuma, kwa vile Mjomba alikuwa amekuonyesha jioni nzima. Hapana, nisikuonee. Wimbo wenyewe ulianza na upande wa mawili: 3, 5, 9, 12, 15. Wewe ukaanza na wa matatu, na hapo mwimbaji na vijiti hugombana hadi mwisho. Nilishasema, muziki huhesabiwa kwanza.

Haya, swali lako. Mwaka 1930 bendi ya Mkuba Don Azpiazú ilirekodi wimbo wa Kikuba "El Manisero" New York. Kuanzia 1933 santuri za nyimbo za Kikuba zenye alama ya GV zikaletwa Afrika, Léopoldville (Kinshasa ya leo) wakazisikiliza, na Morogoro Salum Abdallah akaiita bendi yake Cuban Marimba. Basi ni ya Wakuba? Lakini miongoni mwa waliopiga ngoma Kuba walikuwamo Wakongo waliopelekwa utumwani. Basi ni yetu? Mbona nyuzi za gitaa na mashairi ya son yana Uhispania ndani yake? Hukumu sitoi. Ingawa ukinibana sana, ngoma naihesabu kwetu.

Sasa hesabu hadi 8 tu, ugonge 1, 4, 7. Hiyo ndiyo mifupa ya regetoni unayoisikiliza.

Mjomba anaulizia vijiti vyake. Ukija Desemba, vilete.

Mama yako