Barua kwa mwanangu: kutunza afya ya watoto kambini

Neema mama,

Ujumbe wako nimeusoma. Parokia imekuomba uwe muuguzi wa kambi ya likizo kubwa: watoto 60 wa miaka 7 hadi 14, siku kumi, kandokando ya ziwa upande wa magharibi wa Goma. Unauliza ujaze nini kwenye sanduku la dawa. Nitakujibu, lakini sanduku lisubiri kidogo. Kambini, kazi kubwa ya muuguzi hufanyika kabla mtoto wa kwanza hajasema kichwa kinamuuma.

Anza na fishi za watoto, yaani karatasi za maelezo yao ya afya. Usikubali karatasi yenye jina na namba ya simu tu. Dai magonjwa anayojulikana nayo, dawa anazomeza, vitu vinavyomdhuru, chanjo, na namba za watu wawili tofauti, maana usiku simu moja inaweza kuwa imezimika. Uzito upime mwenyewe siku ya kuwapokea, kwa sababu dozi ya mtoto inafuata kilo. Paracetamol ni miligramu 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Mtoto wa kilo 20 hafai kupita miligramu 300 kwa mara moja. Nusu ya kidonge cha 500 inamtosha, kizima kinamzidi. Aspirini usiibebe kabisa.

Kuna mambo ambayo wazazi huyaficha: kifafa, kukojoa kitandani, na sikoseli, ile watu wanayoiita SS. Wanaogopa mtoto atarudishwa nyumbani. Kwa hiyo mwite kila mzazi pembeni, mbali na foleni, mwambie kwanza kwamba mtoto atapokelewa, ndipo uulize. Mtoto wa SS anaweza kucheza na wenzake, ila baridi, kiu na kuchoka kupita kiasi vinamwamshia maumivu. Awe na chupa yake ya maji tangu asubuhi, asikawie ndani ya ziwa, alale na sweta na blanketi mbili. Akishikwa na homa yoyote, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni saa nane za usiku. Kwake homa inaweza kuwa maambukizi yanayokimbia kuliko wewe.

Pampu ya pumu ikae kwa kiongozi wa kikundi cha mtoto, isifungiwe kwa kufuli ndani ya sanduku lako. Andaa pia chupa safi ya plastiki ya nusu lita, uitoboe chini tundu linaloshika mdomo wa pampu barabara. Mtoto anaweka mdomo wake kwenye mdomo wa chupa, unabonyeza mara moja, anavuta pumzi tano, ndipo unabonyeza tena. Bila chupa hiyo, dawa nyingi inaishia kwenye ulimi.

Kabla hawajapanda basi, tazama viganja, nyayo, uso na shingo. Tangu aina mpya ya mpox ilipoonekana Kamituga, Kivu Kusini, mwaka 2023, huku Kivu hatuna ruhusa ya kupuuza vipele vinavyofuatana na homa. Mtoto wa namna hiyo aende kituo cha afya, safari yake isubiri.

Sasa mahali pa kulala. Hapa nakuomba uwe mgumu, hata kama padri amekwisha kuchagua kiwanja. Wewe ni mtoto wa Goma, mazuku unayajua, lakini viongozi watakaotoka mbali hawayajui. Ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, haina rangi, ni nzito kuliko hewa, inatuama kwenye mabonde na mashimo, zaidi usiku na alfajiri kabla upepo na jua havijaitawanya. Pua ya mtoto iko chini kuliko yako: mahali ambapo wewe unasimama ukiwa mzima, yeye anaweza kuanguka. Zunguka eneo lote mchana pamoja na mwenyeji wa hapo, uulize mbuzi na kuku wamefia wapi. Ukikuta ndege, mijusi au wadudu waliokufa ndani ya shimo, zungushia kamba mbali na ukingo wake. Mahema na vyoo viwe kwenye mwinuko. Usitegemee mshumaa kupima, maana unaweza kuwaka bado pale ambapo gesi imeshaanza kumdhuru mtu. Mpira ukiingia kule, umepotea, na watoto walisikie hilo siku ya kwanza. Mtu akianguka humo, asishuke mwingine kumfuata. Avutwe kwa kamba au ndoana ndefu kutoka juu, kwa kuwa mara nyingi mwokoaji ndiye maiti wa pili.

Maji: hesabu lita 2 za kunywa kwa kila mtoto, yaani bidoni sita za lita 20 kwa siku, na za viongozi juu yake. Maji yakiwa meupe, tia kidonge kimoja cha Aquatabs, dawa ya kusafisha maji, cha miligramu 67 kwa bidoni, ungoje dakika 30. Yakiwa na tope, yachuje kwanza kwa kitambaa safi, utie viwili. Kinachoharibu ni haraka: chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, inaleta maji, watoto wana kiu, mtu anamimina papo hapo. Jaza za kesho tangu leo jioni. Mtoto mmoja akiharisha, mpe ORS, ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji, kikopo baada ya kila choo. Akitapika, ngoja dakika 10, uanze tena kwa kijiko. Ukiona choo kama maji ya mchele, au watatu wakiharisha siku moja, mjulishe daktari wa zone de santé (eneo la afya) bila kungoja kikao cha viongozi.

Homa ya usiku: kipimajoto kwapani, 37,5 na kuendelea ni homa. Fanya TDR, kipimo cha haraka cha malaria, kabla ya dawa yoyote ya malaria, na muulize mzazi kama mtoto alitibiwa wiki zilizopita, kwa sababu TDR inaweza kubaki chanya baada ya kupona. Degedege, kushindwa kunywa, kutapika kila kitu, kulegea, viganja kuwa vyeupe: hapo si mahali pa kujaribu, ni safari ya hospitali.

Vidonda vya mawe ya volkano vioshe kwa maji mengi safi na sabuni mpaka changarawe nyeusi zote zitoke, hata mtoto akilia. Zikibaki, kidonda kinatunga usaha. Viatu vya kufunika vidole ni lazima.

Ufunguo wa sanduku uwe mmoja, daftari moja: saa, jina, kilo, joto, dawa, sahihi. Viongozi wawili wenye huruma wanaweza kumpa mtoto paracetamol mara mbili ndani ya saa moja. Ndani weka ORS, paracetamol, TDR, vipimajoto viwili, gozi, bandeji, sabuni, glavu na tochi. Mengine yako hospitali.

Pesa ya usafiri ikae kwako, si kwa mhasibu, na umpate dereva atakayelala kambini na gari lenye mafuta. Nitumie fishi za watoto wa SS na wa kifafa kabla ya Jumamosi tuzipitie moja moja kwa simu.

Mama yako