Maswali yenu: msitu wa Pugu, mto Msimbazi na viwanja vya mpakani

Wiki hii maswali mengi yanahusu misitu ya pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam. Naanza na lililonigusa zaidi.

*Naishi Kigogo. Pugu napita tu nikienda Kisarawe. Huo msitu unanihusu nini? (Mama wa watoto watatu)*

Unakuhusu kila masika, dada yangu. Mto Msimbazi unaopita hapo kwenu unaanzia kwenye vilima vya Pugu, unashuka hadi Vingunguti, Kigogo na Jangwani, kisha unaingia baharini pale daraja la Salender. Penye msitu, mvua hupigwa kwanza na majani, ikadondoka taratibu, ikanywewa na udongo. Ukifyeka na kujenga, maji yale yale yanateremka kwenye mabati na barabara za vumbi kwa mara moja, tena yakibeba mchanga. Mchanga huo hutua bondeni, kina cha mto kikapungua, na mvua inayofuata maji yanatafuta njia sebuleni kwako.

Wengi tunakumbuka Desemba 2011. Baada ya mafuriko yale, waathirika walipewa viwanja Mabwepande, upande ule ule lilipo Pori la Akiba Pande. Siwalaumu hata kidogo, kwani walihitaji pa kulala. Ila tazama mzunguko wenyewe: maji yaliyokosa msitu huku yaliwahamishia watu ubavuni mwa msitu mwingine kule. Jiji lilihesabiwa watu 4,364,541 mwaka 2012 na 5,383,728 mwaka 2022. Hao milioni moja walioongezeka wanalala mahali fulani, na kila mwaka mahali hapo panasogea vilimani.

*Je, Pugu sasa ni hifadhi ya taifa? (Msomaji, Ukonga)*

Hapana. Ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Pugu-Kazimzumbwi, misitu miwili jirani iliyounganishwa, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Kutembea kwa utaratibu ruksa. Kukata mti, kuchoma mkaa au kulima, hapana.

*Kuna mnyama gani wa maana amebaki humo? (Mwanafunzi, Gongo la Mboto)*

Mwanangu, yupo komba mdogo wa Rondo, uzito wake gramu 60 hivi. Duniani kote anapatikana Tanzania tu, kwenye vipande vichache vya misitu ya pwani, na Pugu ni kimojawapo. Yupo pia sange, mwenye pua ndefu kama kamkonga, anayefukua wadudu kwenye majani makavu. Hawa hawawezi kuvuka mtaa wa nyumba kutafuta msitu mwingine. Ndiyo maana kipande kidogo kikifyekwa mimi huumia kuliko watu wanavyodhani.

*Dalali ananiuzia kiwanja kilichopakana na msitu kwa bei nafuu. Anasema mpaka "utasogezwa". Ninunue? (Kijana, Chanika)*

Usinunue kwa neno hilo. Mpaka wa hifadhi hubadilishwa na serikali kwa tangazo rasmi, dalali hana mamlaka hayo. Nimeona familia zikibomoa nyumba zilizokula akiba ya miaka kumi. Nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri ukaangalie ramani, kisha waombe watu wa misitu wakuoneshe vigingi. Mpaka hapo, hata pesa ya kishika uchumba usitoe.